Jirani Akaaye Upande wa Chini wa Mto

Katika mafundisho yenu mmekwisha kusikia habari ya mwanasheria aliyemwendea Yezu na kumwuliza jirani yake ni nani. Bwana wetu alimjibu kwa kumsimulia habari ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, na ya Msamaria aliyemwonea huruma. Nanyi mmejifunza kwamba jirani si ndugu wa ukoo tu, wala si mtu wa kijiji chetu tu, bali ni kila mtu ambaye Mungu amemweka karibu nasi katika shida yake.

Lakini yule mtu wa njiani alionekana. Alilala pale, damu ikimtoka, na kila aliyepita alimwona kwa macho. Kuhani alimwona, Mlawi alimwona, Msamaria alimwona. Leo nataka kuwauliza habari ya jirani mwingine, ambaye hatumwoni. Ni mtu akaaye upande wa chini wa mto. Yeye huchota maji baada yetu. Hatujui jina lake, wala hatujui ana watoto wangapi. Je, huyo naye ni jirani yetu? Na mtu amwagaye uchafu mtoni, pasipo kumchukia mtu yeyote, amefanya dhambi, au amefanya jambo la kila siku tu lisilo na ubaya?

Msidhani ya kuwa swali hili ni la wenye elimu kubwa. Kila mwenye choo, kila mwenye ndoo na kila mwenye kisima analijibu kila siku kwa matendo yake, hata asipofungua kinywa.

Maji hayakai mahali pamoja

Kwanza tuyatazame maji yenyewe. Kasomeno iko kando ya barabara itokayo Lubumbashi, mahali njia zinapogawanyika: moja yaenda Kasenga, nyingine yaelekea Kilwa na Pweto. Wanadamu wana njia zao, na maji nayo yana njia zake. Mto Lubumbashi, ulioupa mji ule jina lake, unaingia katika mto Kafubu. Kafubu unaingia katika Luapula, ambao ndio mpaka kati ya nchi yetu na Zambia. Luapula unaingia katika ziwa Moero. Katika ziwa hilo unatoka mto Luvua, nao unakwenda kukutana na Lualaba karibu na Ankoro. Lualaba unapita Kindu, unafika Kisangani, na kutoka hapo unaitwa mto Kongo. Unapita Kinshasa, na mwisho unaingia katika bahari kubwa.

Basi, kijito kidogo ambamo mtoto anaogea jioni ni mwanzo wa safari ndefu. Kila kijiji kina kijiji kingine upande wake wa juu, na kingine upande wake wa chini. Sisi tunakunywa baada ya watu fulani, na watu fulani wanakunywa baada yetu. Hakuna mtu aliye peke yake mtoni. Hata yule anayejiona kuwa wa kwanza, akikaa karibu na chemchemi, anakunywa maji ambayo hakuyaumba.

Kutojua na kujua

Sasa tuulize: kuna ubaya gani katika uchafu ule? Maji machafu ya watu ni ya namna mbili. Kuna maji ya kuoga, ya kufulia na ya jikoni, yenye sabuni, mafuta na mabaki ya chakula. Na kuna maji yaliyoguswa na choo. Haya ya pili ndiyo yenye kuleta kifo. Ndani ya kinyesi cha mgonjwa mna vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, viletavyo kolera, kuhara damu na homa ya matumbo. Tena mkojo au kinyesi cha mgonjwa wa kichocho kikiingia majini, wadudu wake wanakua ndani ya konokono wa mtoni, halafu wanatoka na kupenya ngozi ya mtoto aogaye. Katika Haut-Katanga kolera imerudi mara nyingi, hasa katika vijiji vya wavuvi kando ya Luapula na ziwa Moero, na imeingia hata mjini Lubumbashi.

Zamani hata mataifa yenye elimu hayakujua jambo hili. Mwaka 1854, mjini London, nchi ya Uingereza, kolera iliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja kwa muda mfupi. Wenye elimu walisema ni hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, aliandika nyumba za waliokufa, akaona kwamba wengi walichota maji katika bomba moja, katika njia iliyoitwa Broad Street. Akawashauri wakubwa wa mtaa, nao wakaondoa mpini wa bomba lile tarehe 8 Septemba. Palikuwa na mhudumu wa kanisa la Kianglikana, Henry Whitehead, ambaye hakumsadiki daktari. Akatembea nyumba kwa nyumba ili kuonyesha kwamba Snow amekosea. Lakini kwa sababu alikuwa mtu wa kweli, alipoikuta kweli hakuikataa. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua chanzo: mtoto mchanga aliharisha, mama yake akafua nepi zake katika ndoo, akayamwaga maji yale katika shimo lililo mbele ya nyumba. Shimo lilikuwa limebomoka, nalo lilikuwa karibu sana na kisima cha bomba.

Mfikirieni yule mama. Je, alitenda dhambi? Hapana. Alikuwa akimhudumia mtoto wake mgonjwa. Hakujua, wala hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Mmejifunza katika katekisimu kwamba ili mtu awe na hatia ya dhambi ya mauti, lazima jambo lenyewe liwe zito, tena alijue vema, tena alikubali kwa moyo wake. Yule mama hakujua. Mwenye kufa alikufa kweli, lakini mkono wake haukuwa na hatia mbele ya Mungu.

Lakini angalieni: hali yetu si kama hali yake. Mwaka 1884 mganga Mjerumani Robert Koch alionyesha kijidudu cha kolera. Tangu siku zile jambo hili linafundishwa shuleni, zahanatini na redioni, na sasa mmelisoma katika gazeti hili. Kujua ni zawadi ya Mungu, lakini ni zawadi yenye uzito. Atakayesema siku ya hukumu kwamba hakujua, ataulizwa: je, hukufundishwa?

Na kuna faida nyingine ya kujua kweli hii. Watoto wawili watatu wakifa kwa kuharisha katika mwezi mmoja, mara ngapi watu hawatazami kisima, bali wanamtazama bibi kizee mmoja, mjane asiye na mtetezi, na kusema ya kuwa ndiye mchawi? Bibi yule anafukuzwa, nyumba yake inachomwa, na choo kinaendelea kuvuja kisimani. Hapo amri ya nane imevunjwa, maana asiye na kosa amesingiziwa. Na kifo hakikuondoka kijijini. Mkristu hana ruhusa ya kumtafuta mchawi mahali ambapo Mungu amempa akili ya kutafuta shimo lililobomoka.

Visingizio vitatu

Tuseme kwamba mkatekumeni mmoja anamwendea katekista baada ya mafundisho, naye anasema: “Mwalimu, nimeelewa. Lakini wazee wetu walisema maji yaendayo yanajisafisha yenyewe.”

Katekista mwenye busara hatawadharau wazee. Atajibu: “Mwanangu, wazee walisema neno la kweli, lakini ni kweli yenye kipimo. Jua, hewa, mchanga, matete na vijidudu vyema vilivyomo majini hula uchafu kidogo kidogo. Mungu ameuumba mto hivi kwamba una namna ya tumbo. Lakini hata tumbo lako, ukilishindilia chakula cha watu kumi, litakushinda. Wazee walikuwa nyumba kumi kando ya kijito. Sisi tu wangapi?”

Neno hili la kipimo lawahusu watu wa Kasomeno kwa namna ya pekee. Serikali za Kongo na Zambia zilipatana juu ya barabara kutoka Kasomeno mpaka Mwenda, upande wa Zambia, pamoja na daraja juu ya Luapula. Barabara kubwa inapofika, malori yanakuja, na pamoja nayo nyumba za kulala wageni, vilabu vya pombe, masoko, sehemu za kuoshea magari, na vyoo vya wageni wasiojua kijito kinakwenda wapi. Mahali palipotosha kwa kijiji patakuwa mji mdogo. Na mji mdogo mara nyingi una uchafu wa mji mkubwa bila mabomba yake.

Yule mkatekumeni anasema tena: “Lakini, Mwalimu, sehemu yangu ni ndogo mno. Ndoo yangu moja itafanya nini katika mto mzima?”

Kisingizio hiki kina nguvu kuliko kile cha kwanza, kwa sababu kila mtu akijitazama peke yake anaona ni kweli. Basi fikirini wanaume kumi wanaobeba mtumbwi mabegani kuupeleka mtoni. Mmoja anasema moyoni: nikilegeza bega langu, wenzangu tisa watatosha. Ni kweli, watatosha. Lakini wa pili naye amesema vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Mtumbwi ukianguka na kumvunja mtoto mguu, nani ataulizwa? Kila mmoja atasema hakuuangusha yeye. Kumbe kila mmoja ana sehemu yake, wala sehemu hiyo haipungui kwa sababu wengine nao wana zao. Haba na haba hujaza kibaba, huambiwa mtu awekaye akiba. Uchafu nao hujaa kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo usiulize tu: ndoo yangu itadhuru kiasi gani? Uliza: je, ningependa kila mtu wa upande wa juu afanye kama mimi? Kristu mwenyewe ametupa kipimo hicho alipotuamuru tuwatendee wengine yale ambayo tungependa tutendewe. Mtoni amri hii ni rahisi kuifahamu, maana kila mmoja wetu ni wa juu kwa mmoja na wa chini kwa mwingine.

Kisingizio cha tatu ni hiki: “Mwalimu, wakubwa wanachafua kuliko sisi. Kwa nini unasumbua maskini?”

Hapo tuseme kweli bila hofu. Ni haki kusema kwamba viwanda na migodi vinaweza kuharibu kwa siku moja kuliko kijiji kwa miaka mia. Mwezi wa Februari 2025, huko Chambishi, nchini Zambia, ukingo wa bwawa la taka za mgodi wa shaba ulibomoka. Maji yenye asidi yakaingia kijito cha Mwambashi, kisha mto Kafue. Samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya mabomba. Tena uchafu wa migodi una ubaya wake wa pekee: kinyesi kinaweza kuliwa na vijidudu mpaka kiishe, lakini madini mazito hayaliwi wala hayaozi. Yanakaa ndani ya tope na ndani ya samaki.

Kwa hiyo si dhambi kulalamika; ni wajibu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inakubali haki ya watu kupata maji ya kunywa. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya kukaa katika mazingira yenye afya, tena ana wajibu wa kuyalinda. Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya kila mwanadamu, na ya kuwa dunia ina deni kubwa kwa maskini waliokosa maji hayo. Kijiji kinachosimama pamoja na kudai maji yake kwa amani kinatimiza neno la sheria na la Kanisa.

Lakini dhambi ya mkubwa haioshi dhambi ya mdogo. Mtoto wa Luapula afaye kwa kolera hakuuawa na shaba. Na anayekwenda mbele ya wakubwa kudai mto safi atakuwa na ujasiri zaidi kama choo chake mwenyewe hakivuji.

Kusukuma si kusafisha

Sasa tuingie katika jambo lililo kiini cha mafundisho ya leo. Watu wengi hudhani kwamba uchafu ukiondoka machoni mwao, umekwisha. Hawausafishi, wanausukuma kwa mwingine.

Watu wa London tena ni mfano. Mwaka 1858 mto wao Thames ulinuka vibaya kiasi cha kuwatia kichefuchefu wabunge ndani ya nyumba yao ya mikutano. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi. Ilikuwa kazi ya ajabu, nayo iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini mifereji hiyo iliumwaga uchafu wote mtoni, mashariki ya mji, na watu wa Barking waliokaa huko wakalalamika kwamba uvundo wa London umekuwa wao. Ilipofika miaka ya 1880 ndipo walipoanza kutenga tope na maji kabla ya kuyamwaga. Mji ule ulikuwa umejiponya kwanza, bila kumfikiria jirani wa chini.

Afrika ya Mashariki ina mfano mwingine. Mji wa Kampala, nchini Uganda, huchota sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa huko Ggaba, katika ghuba ya Murchison ya ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyo hiyo unaingia mfereji wa Nakivubo, uletao maji machafu kutoka katikati ya mji. Kati ya mfereji na ziwa kuna kinamasi cha mafunjo. Mafunjo hayo huyapunguza mwendo maji, hushika tope, na mizizi yake huwapa makao vijidudu vinavyokula uchafu. Watu walipoyafyeka ili kulima na kujenga, walijiondolea kichujio walichopewa bure, na uchafu ukapita upesi zaidi kwenda mahali wanapochota maji. Hapo mtu wa juu na mtu wa chini ni mtu mmoja! Mungu alituonyesha kama katika kioo: unachomtendea jirani wa mto kinaweza kurudi katika kikombe chako.

Je, kusafisha kweli ni kufanya nini? Si lazima kuwe na mashine za bei kubwa. Huko Moshi, nchini Tanzania, maji machafu ya mji hupelekwa katika mabwawa ya Mabogini, na yakisha kupita humo, wakulima wa mpunga huyatumia mashambani. Kazi ya mabwawa ya namna hii ni hii. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, meta 2 mpaka 5. Humo uchafu mzito unazama na kuoza chini. La pili lina kina cha meta 1 au 2; humo mwani wa kijani, kwa nguvu ya jua, hutoa hewa safi ndani ya maji, na vijidudu vyema vinakula uchafu uliobaki. La mwisho lina kina kifupi, kama meta 1. Humo mwanga wa jua huua vijidudu vya magonjwa. Maji hukaa siku nyingi, yakienda polepole kutoka bwawa hata bwawa. Jua ndilo mfanyakazi mkubwa, nalo halidai mshahara.

Lakini mabwawa yanadai vitu viwili: ardhi na uvumilivu. Tope lazima liondolewe baada ya miaka, na nyasi zikatwe. Na ardhi lazima iachwe wazi kabla nyumba hazijajengwa. Hapa ndipo penye uchungu, wapendwa. Katika mji unaoanza kukua kando ya barabara kubwa, kila kipande cha ardhi kina bei. Nani atakubali kuacha lupango lizuri la mabondeni, upande wa chini wa mji, libaki bwawa na matete, wakati wageni wanatoa fedha kulinunua? Mwenye kulitoa hatapewa shukrani na mtu wa kijiji kile cha chini, maana yule hatajua kamwe kwamba alilindwa. Atafurahi tu kwamba watoto wake hawaugui. Msamaria aliacha fedha zake kwa mwenye nyumba ya wageni, akaenda zake. Huu ndio upendo usiongoja shukrani.

Yaliyo katika mikono yetu leo

Msingoje mpaka mabwawa yajengwe. Kuna mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya mwaka huu.

Choo kichimbwe mbali na kisima, angalau meta 30, na upande wa chini wake, wala shimo lisifike karibu na maji ya ardhini: kati ya mwisho wa shimo na maji pabaki angalau meta moja na nusu. Kifunikwe, ili nzi wasitoke. Kikijaa, kisichimbuliwe usiku na kumwagwa kijitoni, kama wafanyavyo watu wasio na aibu. Kifukiwe kwa udongo mwingi, na kichimbwe kingine.

Maji ya kuoga na ya kufulia yamwagwe katika shimo lililojazwa mawe na kokoto, ili ardhi iyachuje polepole. Au yaelekezwe kwenye migomba.

Mtoni kuwe na utaratibu unaojulikana na wote: juu kabisa mahali pa kuchota maji ya kunywa, chini yake mahali pa kuoga na kufua, na chini zaidi mifugo. Mihogo iloweshwe katika kidimbwi kilichochimbwa kando, si katika kijito chenyewe, kwa maana maji yake makali huwaua samaki. Malori na pikipiki zisioshwe mtoni, maana tone la mafuta husambaa mbali. Na wale ambao bado wanatia sumu ya majani kuvua samaki wakumbuke kwamba wanavua chakula cha leo kwa kuua chakula cha watoto wao.

Matete na miti ya ukingoni isifyekwe. Hiyo ndiyo sehemu ya mto inayofanya kazi ya kusafisha.

Na maji ya kunywa yachemshwe, hasa wakati wa mvua, kwa kuwa hata tukifanya yote haya, wa upande wa juu huenda hawajafundishwa bado.

Ni amri gani?

Sasa twaweza kujibu swali letu la kwanza. Mtu wa chini ni jirani, kwa sababu tumefungwa naye kwa maji yale yale, nasi tunaweza kumdhuru au kumlinda. Kutomwona hakupunguzi ujirani. Kunatuondolea tu aibu ya macho. Kuhani na Mlawi walipita upande mwingine wa njia ili wasimkaribie yule aliyejeruhiwa. Sisi hatuna haja hata ya kuvuka njia: mto unatupitishia jambo hilo.

Na ni amri gani inayovunjwa? Amri ya tano, kwa kuwa maisha ya watu yanawekwa hatarini. Na amri ya saba, kwa kuwa maji yale yalikuwa haki yao, nasi tumeyachukua kabla hayajawafikia. Mwizi wa mbuzi akitubu anamrudisha mbuzi. Mwizi wa maji atarudisha nini? Hawezi kuyarudisha maji yaliyokwisha kwenda. Kitubio chake cha kweli ni kuchimba shimo jipya, kuziba linalovuja, na kuwafundisha wengine.

Mafundisho haya si mapya. Katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, Waisraeli waliamriwa kutoka nje ya kambi kwa haja zao, wakiwa na kijiti cha kuchimbia, na kuufukia uchafu wao, kwa sababu Mungu alitembea katikati ya kambi yao. Angalieni sababu ile! Unadhifu wa kambi ulikuwa heshima kwa Mungu. Na nabii Ezekieli aliwakemea kondoo wanono ambao, wakiisha kunywa maji safi, waliyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na kondoo dhaifu wakalazimika kunywa matope. Mungu hakuwakemea kwa sababu walikunywa. Aliwakemea kwa sababu walisahau kwamba wengine walikuwa wakingoja nyuma yao.

Wapenzi wakatekumeni, ile siku mnayoingoja kwa hamu inakaribia. Padri atachukua maji, naye atawabatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Yatakuwa maji safi. Yatachotwa kisimani au mtoni, yatabebwa kichwani na mama mmoja, yatawekwa katika chombo cheupe. Siku hiyo mtu asiyejulikana kwenu, akaaye upande wa juu, atakuwa amewapa zawadi kwa sababu hakuyachafua. Na upande wa chini kuna kanisa lingine dogo la nyasi au la matofali, ambamo wakatekumeni wengine wanaingoja siku ile ile. Maji yatakayowabatiza wao yanapita kwenu leo.

Maswali ya kujiuliza katika juma hili

Choo changu kiko mbali kiasi gani na maji ninayokunywa mimi, na maji anayokunywa jirani yangu?

Je, nimewahi kumsingizia mtu uchawi kwa ugonjwa ambao ulitoka majini?

Kijiji chetu kikikua, tumeacha ardhi gani kwa ajili ya maji machafu, au tunangoja mpaka iuzwe yote?

Azimio: juma hili nitatembea kwa miguu kufuata kijito chetu upande wa chini, mpaka nyumba ya kwanza inayochota maji baada yetu. Nitabisha hodi na kuwaamkia wenye nyumba, ili tangu siku hiyo jirani yangu wa mto awe na uso na jina.